Rehani na Paka wa Jirani

Mbegu za rehani mama yangu alizifunga kwenye pindo la kanga yangu. Vijiti vya asumini aliviviringishia kitambaa kibichi, akavitia ndani ya kopo tupu la majani ya chai. Tulikuwa tumekaa uani kwetu Pangani. Nilikuwa nimeolewa majuzi tu, na mume wangu alikuwa keshatangulia kurudi kazini kwake.

"Huko bara uendako," mama akaniambia, "sijui kama kuna kitu cha kunukia. Nenda na chako."

Akanionyesha namna ya kunyunyizia kitambaa maji kila treni itakaposimama. Nikafanya hivyo njia nzima, huku shemeji yangu aliyenisindikiza akinitazama kama mtu aliyepungukiwa na akili.

Mume wangu alikuwa seremala. Vita vya pili vya dunia vilipokwisha alipata kazi kwenye mgodi wa dhahabu wa Geita, kazi ya kuchonga magogo ya kuegemezea miamba huko chini ili isiwaangukie wachimbaji. Alikuwa mtu mpole, mwenye vumbi la mbao masikioni hata siku ya Ijumaa. Alikuja kunipokea ziwani tulipovuka kutoka Mwanza, akanipandisha lori la mgodi, na alipoona nimelikumbatia lile kopo akauliza, "Chai?" Nikamwambia ni asumini. Akacheka, kisha akalipokea na kulishika yeye mwenyewe mpaka tulipofika.

Tulipewa nyumba katika safu ya nyumba za wafanyakazi, chumba na sebule, bati juu, udongo mwekundu mlangoni. Mashine za kusaga mawe zilinguruma mchana na usiku. Siku za mwanzo nilidhani nitapata wazimu kwa mlio ule. Baadaye mashine zikisimama kwa matengenezo nilikuwa nikishtuka, nikatoka nje kuuliza kuna nini.

Lakini kelele za mashine hazikunisumbua kama ukimya wa watu. Wanaume walisema Kiswahili kazini, kwa sababu walitoka kila upande. Wake zao walibaki na lugha za kwao: Kisukuma zaidi, na Kisumbwa, na Kizinza. Niliwaamkia, wakaniitikia kwa ukarimu, tukasimama tukitazamana na kutabasamu, kisha kila mmoja akaingia ndani kwake. Kwetu nilikuwa nimezoea kusema tangu naamka mpaka nalala. Pale nilikaa kutwa bila kufungua kinywa, na mume wangu akirudi jioni nilimwangushia maneno ya mchana kutwa mpaka akasinzia na kijiko mkononi.

Nyuma ya nyumba palikuwa na kipande cha ardhi kisichozidi mikeka michache. Mume wangu akakilima siku ya mapumziko. Mimi nikauvunja udongo kwa vidole mpaka ukawa laini kama unga, nikapanda rehani mistari mistari, nikachomeka vijiti vya asumini karibu na ukuta. Kimoja kilikuwa kimekufa kwa joto la treni. Kingine kilikuwa bado na kijani kidogo. Kila asubuhi nilitoka kutazama kabla sijawasha moto. Rehani ilipochipua, majani madogo yasiyozidi ukucha wa mtoto, nilipiga magoti nikanusa. Hayakuwa na harufu bado. Nikalia hata hivyo, kwa furaha nadhani.

Siku chache baadaye nilitoka asubuhi nikakuta mistari yangu imefukuliwa. Miche ilikuwa imelala mizizi juu, na katikati ya tuta palikuwa na kifusi kidogo cha udongo kilichopangwa vizuri. Nilipokigusa nikajua paka amejisaidia hapo na kufukia.

Paka walikuwa wa jirani wa mkono wa kushoto, mke wa mchimbaji mmoja mtu mzima. Yeye naye alikuwa mtu mzima, Msukuma mrefu, mweusi tititi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka mlimani. Watoto wake walikuwa wamekua na kwenda zao. Nyumbani alibaki na mumewe na paka, na paka hao sikuweza kuwahesabu kwa sababu hawakutulia. Palikuwa na shume mkubwa wa kijivu, sikio moja limechanika, na majike wenye madoa, na watoto wao. Aliwafuga kwa ajili ya panya, kwani ndani ya nyumba aliweka vilindo vya magome ya mti vilivyojaa mtama na michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa ambavyo Wasukuma huweka kwa siku za njaa. Wakishiba panya, paka walivuka kuja kwangu kutafuta udongo laini.

Nikapanda tena. Safari hii nikazungushia miiba ya mgunga. Paka wakapita katikati ya miiba kana kwamba nimewawekea mlango. Nikamwaga majivu. Majivu yakawapendeza zaidi. Nilimkuta jike mmoja amelala humo, tumbo juu, anaota jua. Nikasaga pilipili kavu na kunyunyiza, upepo ukageuka, nikapiga chafya mpaka macho yakavimba, na paka walikaa juu ya ukuta wakinitazama. Nikamwambia mume wangu nitawarushia mawe.

"Usiwapige," akasema. "Paka ni kipenzi cha Mtume."

"Basi Mtume wangu angenisaidia kuwatoa kwenye rehani."

"Astaghfiru, mke wangu," akasema, lakini niliona anazuia kicheko.

Akatengeneza uzio wa vipande vya mbao vilivyobaki kazini, na juu yake akatandaza wavu mkuukuu alioupata kwa wavuvi wa ziwani. Ilikuwa kazi nzuri, kila pembe imekaa sawa. Asubuhi iliyofuata tulitoka pamoja kuitazama. Yule shume wa kijivu alikuwa amelala juu ya wavu, umebonyea chini yake kama kitanda cha kamba, naye amefumba macho. Mume wangu alisimama akamtazama kwa muda, halafu king'ora cha mgodi kikalia akaenda zake kazini.

Siku hiyo nilikwenda kwa jirani. Nilikuwa nimepanga maneno yangu kwa heshima, maana ni mtu wa kulingana na mama yangu. Nilimkuta anachambua mtama mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Malahaba, mayu." Mayu kwa Kisukuma ni mama, nao huitana hivyo wanawake wote, hata msichana. Akanisogezea kigoda.

Nikaanza kumweleza habari ya bustani. Nikazungumza kwa Kiswahili cha kwetu, kirefu, chenye samahani nyingi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa. Hakuwa ameelewa chochote ila neno paka. Akaingia ndani, akatoka amebeba mtoto wa paka, akaniwekea mapajani.

"Chukua," akasema. "Panya nakula sana?"

"Hapana, mama. Sitaki paka. Paka wako..." Nikafanya kwa mikono: nikaparura ardhi, nikachuchumaa, nikafukia. Alinitazama nikifanya hivyo, mke kijana wa pwani aliyejifunga kanga mbili, anachuchumaa kama paka mlangoni pa watu. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka mtama ukamwagika. Nami, ambaye nilikuja na hasira, nikashikwa na kicheko kile, na nadhani hiyo ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka na mwanamke mwenzangu tangu nitoke Pangani.

Akaja kuiona bustani. Akainama, akachuma jani moja, akanusa.

"Mboga?"

"Si mboga. Ni rehani. Ya kunukia."

"Lehani," akasema. "Unakula?"

"Haliwi. Unaweka kwenye nywele. Kwenye nguo. Kwenye kitanda."

Akanitazama vizuri kuona kama namtania. "Jani kwenye kitanda," akasema. "Watu wa pwani!" Akaita kwa sauti yake ile kuwaambia majirani wengine kwa Kisukuma, na kutoka nyumba za mbali nikasikia vicheko.

Lakini kesho yake alikuja na jembe. Hakuniambia anataka nini. Alikwenda kando ya ua wake, mbali na upande wangu, akachimba shimo pana, akalijaza mchanga alioubeba kwa karai kutoka korongoni pamoja na majivu ya jikoni. Kisha akaja kwangu na karai la kokoto kutoka rundo la mawe yaliyotupwa na mgodi, mawe madogo yenye ncha, akaanza kuyapanga kwenye udongo kuzunguka kila mche.

"Paka nataka laini," akasema, akionyesha kwake. "Hapa chungu." Akabonyeza kiganja changu juu ya zile ncha za mawe ili nielewe. Tukapanga pamoja mpaka jua likawa kali. Alinifundisha neno la Kisukuma la jiwe na la mkono, nami nikamfundisha kusema rehani, hakuweza, nikaacha. Tulipomaliza aliniletea maziwa ya mgando kwenye kibuyu, nami sikujua kunywea kibuyu bila kujimwagia, jambo lililompa kicheko kingine.

Sitadanganya kuwa paka waliacha kuja. Walipungua. Wadogo walijifunza haraka. Yule shume ndiye aliyekuwa na kichwa kigumu. Jirani akimwona amevuka alimpigia kelele kutoka mlangoni kwake, naye shume alirudi akijifanya alikuwa anapita tu. Nilijifunza zile kelele. Ndizo zilizokuwa sentensi zangu za kwanza kamili za Kisukuma, na wanawake kisimani walipozisikia kinywani mwangu walishika viuno.

Rehani ikapanda ikawa kichaka. Asumini ikashika ukuta. Jioni, kabla mume wangu hajarudi, nilikuwa nikikaa pale nyuma nikafumba macho, na kama upepo haukuleta vumbi la mashine, nilikuwa Pangani. Nilimwona mama anashona vikuba, vile vishada vya asumini na rehani, vidole vyake vinakwenda bila yeye kuvitazama. Nilikuwa nikimwambia mambo. Nilimwambia habari za huyu jirani. Nilijiambia kwamba mume wangu akipata likizo ndefu tutakwenda, nami nitampelekea mbegu kutoka bara, zake zilizozaa huku, aone.

Jirani alizoea kunikuta hivyo. Mara nyingine alikaa karibu, anasuka kamba. Siku moja aliniuliza, "Mama yako, anafanana wewe?"

"Ni mfupi kuliko mimi. Anasema sana."

"Kama wewe," akasema. "Sasa unasema sana."

Ilikuwa kweli. Kiswahili chake kilikuwa kimeongezeka, na Kisukuma changu kilikuwa kimeanza kutembea, na katikati yake tulikuwa na lugha yetu ambayo waume zetu hawakuielewa.

Likizo haikuja mapema. Ilipita mvua moja, ikapita nyingine. Nilipata mimba, ikaharibika, na jirani ndiye aliyekaa nami. Kisha siku moja mchana mume wangu alirudi nyumbani wakati si wake, amefuatana na dereva wa lori mtu wa Tanga ambaye alikuwa akileta mizigo ya mgodi kutoka Mwanza. Niliwaona kwa mbali wakija polepole, na kabla hawajafika nilijua, maana mume wangu alikuwa amevua kofia yake na kuishika mkononi.

Dereva alikuwa amekutana Mwanza na mtu wa kwetu aliyetoka pwani. Mama yangu alikuwa amekufa kwa homa. Alikuwa amezikwa, khitima imesomwa, hata arobaini ilikuwa imekwisha. Kwetu Pangani watu walikuwa wamekwisha kukunja mikeka ya matanga, nami nilikuwa ndiyo kwanza naanza kulia.

Nililia ndani. Mume wangu aliwaita Waislamu wachache waliokuwa pale mgodini, wakasoma, wakala, wakaondoka kwenda kazini. Nilibaki nimejifunika kanga kichwani. Sikupika. Sikuchota maji. Wanawake wa safu yetu walikuja mmoja mmoja, wakakaa, lakini hawakujua wanililie vipi, kwa sababu hapakuwa na maiti wala kaburi wala ndugu. Jirani peke yake aliuliza.

"Wamezika?"

"Wamezika."

"Nani wa kwako alikuwa huko?"

"Dada zangu."

"Basi hakuwa peke yake," akasema. "Wewe ndiye peke yako." Akaleta mkeka wake, akautandika karibu na wangu, akalala nami hapo sebuleni mchana ule wote kama mtu aliyechoka.

Sijui nilikaa hivyo kwa siku ngapi. Nakumbuka asubuhi moja nilisikia, nyuma ya nyumba, kelele za Kisukuma zikitukana. Nikafungua dirisha la mbao. Jirani alikuwa amegeuza kinu changu juu chini, amekikalia katikati ya bustani, na fimbo ndefu mapajani. Ndoo ilikuwa kando yake. Udongo ulikuwa umelowa. Mbele yake, nje ya uzio, alikaa yule shume wa kijivu, wote wawili wanatazamana.

Nikatoka. Jua liliniumiza macho.

"Mayu," nikamwambia, "huyo ni paka wako unamtukana hivyo."

"Ni wangu," akasema. "Ndiyo maana ananisikia." Akamwonyesha fimbo. "Tangu umelala ndani, wanakuja wote. Wanasema mwenyewe hayupo. Nikasema yupo."

Nilitazama rehani. Haikupungua hata tawi. Kulikuwa na sehemu ambazo alikuwa amezipalilia, akazirudishia kokoto zake moja moja. Maji yalikuwa mbali, kisima kiko bondeni, naye magoti yalikuwa yakimuuma. Nilijua maana aliniambia mara nyingi. Nikaketi chini pale pale kwenye udongo uliolowa, na nguo zangu za msiba.

Akachuma tawi, akalisugua kati ya viganja, akalinusa kwa muda mrefu, mara hii bila kucheka.

"Mama yako alinuka hivi?"

"Ndiyo."

"Mm," akasema. Akanusa tena. Kisha akalichomeka lile tawi kwenye kitambaa chake cha kichwa, nyuma ya sikio, na akakaa nalo hivyo mpaka mumewe aliporudi na kumuuliza kama ameolewa na mtu wa pwani.

Kwa sababu hiyo, ninapotafuta kumkumbuka mama yangu siku hizi, mara nyingine anayekuja ni yeye. Nadhani mama asingechukia.

Mwaka uliofuata nilizaa binti, akaishi. Jirani alimpokea kwa mikono yake. Alimbeba mgongoni akamwimbia kwa Kisukuma, na binti yangu neno lake la kwanza halikuwa mama wala baba, lilikuwa ile kelele ya kumfukuza paka. Mume wangu alimwambia kila mtu kazini.

Kisha kifua cha mume wa jirani kikawa kizito. Alikuwa amechimba kwa miaka mingi, umri nao umekwenda. Alikuwa akisimama njiani kutoka kazini, ameegemea mti, anavuta pumzi kama mtu anayevuta kamba kisimani. Akaamua kurudi kwao upande wa Maswa, akae na ng'ombe wachache aliowaweka kwa ndugu yake. Jirani aliniambia tukiwa tunaosha vyombo.

"Tunakwenda nyumbani," akasema.

Nikasema, "Vizuri." Tukaendelea kuosha. Sufuria ile niliisugua mpaka ikawa kama kioo.

Siku ya kuondoka lori lilikuja asubuhi. Vilindo vilikuwa vimepakiwa, na kinu, na vitanda. Alimtia shume wa kijivu ndani ya tenga la kuku akalifunga kwa kamba. Wengine hakuweza kuwachukua. Shume alilia kwa sauti ya kutisha. Jirani alisimama kwenye bustani yangu, akatazama kila upande kama anayekagua kazi.

"Mchanga wao," akasema, "uwabadilishie. Ukinuka hawataki, watakuja kwako."

"Nitabadilisha."

"Na mtoto asilale na kichwa chini. Unasahau."

"Sisahau, mayu."

Nilikuwa nimemfungia mbegu za rehani kwenye kitambaa. Akakipokea, akakitia kifuani. "Wabeja," akasema, asante, na akapanda mbele karibu na mumewe. Lori lilipogeuka, alitoa mkono nje, si kwa kupunga. Aliushusha tu nje ya mlango, umefunguka, mpaka vumbi likauficha.

Waliohamia katika nyumba yake walikuwa watu wema, lakini walikuwa na mbwa. Paka waliobaki walikaa siku kadhaa kwenye kizingiti chake kilichofungwa, kisha wakahamia kwangu. Wakaua panya wangu, wakala mabaki ya dagaa, na alfajiri wakajaribu rehani. Niliwabadilishia mchanga. Wakikosea niliwafukuza kwa Kisukuma, kwa sauti kubwa, maana hawakujua lugha nyingine, na hapakuwa na mtu mwingine wa kusema naye lugha hiyo namna ile tuliyoisema sisi. Wanawake wengine walinisikia wakasema, "Yule Msukuma wa Pangani."

Baadaye mume wangu alipata kazi Shinyanga mjini, kutengeneza milango na rafu za maduka, tukahama. Nilifurahi. Nilihesabu kwamba Shinyanga ni karibu na Maswa kuliko Geita. Msimu wa pamba, wanawake wa vijijini walipokuja mjini na waume zao, nilikwenda kuzunguka kwenye malori nikiuliza. Nilikuwa na jina la mumewe na jina la kilima kilicho karibu na kwao. Wengi hawakujua. Mwishowe mmoja alisema kilima hicho anakijua, nacho kiko njiani anakotoka yeye.

Nikamwomba mume wangu ruhusa. "Nenda," akasema. "Nilikuwa nangoja uniombe." Nikaenda na lori lililokuwa linarudi kuchukua pamba, binti yangu mapajani, na kanga mpya ndani ya kapu. Njia nzima nilirudia maneno yangu ya Kisukuma ili nisije nikaaibika. Nchi ilikuwa tambarare, kavu, ng'ombe kila mahali, na mimi moyo ulikuwa unadunda kama wa bibi harusi.

Pale kwao jirani yangu nilipokewa na mke wa shemeji yake. Alinipa maji, akanipa michembe iliyochemshwa na karanga, akasubiri nile kwanza, kama ilivyo desturi yao. Kisha akaniambia kuwa mzee alifariki, akaninyooshea kidole palipokuwa kaburi lake, upande wa zizi.

"Na yeye?" nikauliza.

"Amehama. Ardhi ya hapa imechoka, watu ni wengi, ng'ombe ni wengi. Binti yake na mkwewe wamekwenda kufungua mashamba mapya, akafuatana nao. Tangu kiangazi cha mwaka jana."

"Wamekwenda wapi?"

"Geita," akasema. "Kule msituni." Akanitazama usoni, akaongeza haraka, kama anayenipa habari njema, "Alifurahi sana kwenda. Alisema ana mtu wake huko, kwenye nyumba za mgodi. Alisema akifika tu ataenda kumwona."

Nililala kwao, maana lori lilikuwa linarudi kesho. Asubuhi walikwenda shambani kuvuna pamba nami nikaenda nao, sikuweza kukaa. Nilivuna nao mpaka vidole vikachanika. Nilikuwa nafikiri: alipita Shinyanga. Lazima alipita. Pengine lori lake lilisimama sokoni kununua maji, nami nilikuwa nyuma ya mlango wangu nakuna nazi.

Tangu hapo kila dereva aliyekwenda Geita alibeba salamu zangu. Mmoja aliniambia kwamba alifika kwenye nyumba za mgodi akauliza. Watu wakamwambia, ndiyo, alikuja bibi mmoja wa Kisukuma, mrefu, akamuulizia mke wa seremala wa pwani. Akaambiwa amehama. Akaomba kuona nyuma ya nyumba, akaonyeshwa. Asumini ilikuwa ingalipo. Alisimama hapo kidogo, akashukuru, akaondoka kwa miguu. Hakuna aliyemuuliza anakaa kijiji gani.

Mume wangu alinipeleka Geita kumtafuta, kabla binti yetu hajaanza shule. Tulizunguka vijiji vipya vilivyokuwa na visiki vya miti iliyokatwa karibuni, tukauliza mpaka likizo yake ikaisha. Kila mahali palikuwa na wanawake wa kutoka Maswa, na kila mmoja alitupokea vizuri, na hakuwa yeye. Tukarudi.

Binti yangu sasa ni mtu mzima na hamkumbuki kabisa. Mimi nimezeeka Shinyanga hapa hapa, nimemzika mume wangu hapa, na Pangani nilirudi mara moja tu nikaona nyumba ya watu wengine. Lakini nikiwa sokoni nikasikia mwanamke wa Kisukuma anagombana kwa sauti ile ya kuita ng'ombe kutoka mlimani, huacha nilichokuwa nikinunua nikaenda kutazama, ingawa najua kwamba kama angali hai atakuwa amezeeka sana, na sauti yake haiwezi kuwa kubwa hivyo tena.